Msimu Uliofichwa Ndani ya Mpaina

1

Mwaka ambao kijana mmoja wa Lihanza alipata mchumba kwa sababu tu alikuwa na mlango wa mbao, watu wa mjini walikuwa bado wanaambiwa kwamba mbao zimepanda bei kwa ajili ya mafuta na ushuru wa barabarani. Sisi wa huku juu kwenye ukungu tuliyasikia hayo redioni tukanyamaza. Mafuta yalikuwapo. Barabara ilikuwapo. Malori yalijipanga Mafinga, madereva wakicheza karata chini ya matela matupu. Mipaina nayo, miti yetu ya mbao, ilikuwapo, imejaa mabonde, minene kama matangi ya maji. Kilichokosekana ni mtu wa kusema: kata.

Kijana huyo, kwa taarifa yenu, hakuwa hata na nyumba ya kuutia huo mlango. Aliubeba mgongoni mpaka kwa wakwe, akauegemeza ukutani, akaletewa chai.

Watoto wa shule walikalia matofali. Parokia ilibaki na jeneza moja la kuazimana, lenye kitako kinachofunguka kama mtego. Lilikwenda makaburini na watu na kurudi peke yake, likapakwa rangi upya kila Pasaka. Na Eusebia Kikoti, mjane ambaye wote tunamwita Mama Gaude, alikuwa analala jikoni.

Upepo ulikuwa umeng'oa paa la nyumba yake. Bati zilipatikana, nyingine kwa jirani, nyingine juu ya mparachichi, zikanyooshwa kwa nyundo. Lakini kenchi zilizokuwa zinabeba bati hizo mchwa walikuwa wamezila kwa miaka bila kumwambia mtu, na upepo ulipofika ulikuta umesaidiwa kazi. Nyumba ikabaki na kuta tupu, imeachama kuelekea mbinguni. Mama Gaude akahamia kwenye kijumba cha jiko pamoja na binti yake Gaudensia, aliyerudi kutoka Makambako na mimba kubwa ili ajifungulie kwa mama. Aliyempa mimba alikuwa dereva wa malori ya mbao. Malori yaliposimama, yeye alipata mzigo mwingine wa kupeleka Zambia, na Zambia ikamkalia vizuri.

Jiko lilitosha watu wawili na kuku. Mtoto angekuja pamoja na mvua, na mvua ilikuwa imeanza kunukia.

Sasa, mbele ya jiko hilo hilo ulisimama mpaina. Ulikuwa wa mwisho katika shamba alilopanda marehemu Filoteo, mume wa Mama Gaude, na unene wake watu watatu wakishikana mikono hawaumalizi. Paa zima lilikuwa limesimama pale, kenchi na papi, limevaa majani. Kila aliyepita aliutazama mti, akaitazama nyumba, akamtazama Mama Gaude, kisha akasalimia na kwenda zake.

2

Inabidi niwaeleze habari ya mipaina yenyewe, maana msiponifuata hapa mtasema nawafunga kamba.

Wataalamu wa utafiti waliitengeneza kwa nia njema. Walitaka mti unaojilinda, usikie msumeno wa mwizi, usikie moto ukitafuna nyasi, na upeleke habari kwa njia ya mizizi mpaka kwenye kisanduku cha mlinzi. Wakaubadili utomvu. Utomvu wa kawaida unaganda tu, lakini huu uliganda kwa kufuata mtikisiko wa hewa, kila sauti ikiacha mkunjo wake mwembamba kuliko unywele, pete juu ya pete, msimu juu ya msimu. Visanduku vya walinzi havikumaliza masika mawili. Betri zake zilihamia kwenye redio za watu. Lakini hakuna aliyekwenda kuiambia miti kwamba kazi imekwisha. Ikaendelea kusikiliza. Chavua ikasafiri na upepo, na kilipopita kizazi kimoja hapakuwa na mpaina kiziwi kuanzia Mafinga mpaka Njombe.

Tuligundua kwa sababu ya uvivu wa fundi Nyenza. Nyenza ni mpasuaji wa magogo, mtu wa mashine ile tunayoiita dingidong, inayovutwa shamba hadi shamba na kupiga kelele ya kuamsha wilaya. Alichoka kelele, akanunua mashine mpya yenye msumeno wa mkanda, inayotumia umeme wa jua na kwenda polepole, kimya kama mtu anayenyoa ndevu. Gogo la kwanza tu, meno yalipopita, ikatoka sauti ya mwanamke aliyezikwa zamani, akimwambia mume wake kwamba ile nyama iliyodaiwa kuliwa na mbwa haikuliwa na mbwa. Nyenza alikimbia akaiacha mashine inapasua peke yake. Wanasema mbao za siku ile ndizo zilizonyooka kuliko zote alizowahi kupasua.

Baadaye alizoea. Alifunga bomba la bati juu ya msumeno, limepanuka mdomoni kama tarumbeta, na watu wakaja kusikiliza wafu wao. Kanuni yake ni moja na haina huruma. Sauti hutoka mara moja tu, kwa sababu meno yale yale yanayoisoma ndiyo yanayoigeuza kuwa unga. Ukipasua nyembamba utasikia mengi, na utabaki na vibao vya kutengenezea fremu za picha. Ukipasua nene utapata kenchi, na maneno yatabaki yamelala ndani ya mbao, salama na bubu.

Hapo ndipo biashara ilipokufa. Nani auze gogo lenye mama yake?

Hiyo ndiyo sababu tuliyowapa wageni, na ni ya kweli. Ila ipo nyingine tuliyoifunika. Kwetu Lihanza mjane hanung'uniki ndani ya nyumba. Manung'uniko ya ndani humnyima marehemu usingizi, na ya nje huwanenepesha majirani. Kwa hiyo mjane huenda kwenye mti. Huukumbatia, huweka mdomo kwenye gome, humwaga yote, hasira na matusi na mengine yasiyo na jina, kisha hurudi na uso wa kupokea wageni. Bibi zetu walifanya hivyo kwa miti ya porini. Sisi tukaifyeka ya porini, tukapanda mipaina, tukahamishia siri zetu huko, kwa kuwa kila mtu alijua kwamba mti hausengenyi.

Hesabuni wenyewe wajane wa nyanda zote hizi. Kuna waliokataa kukata kwa mapenzi na kuna waliokataa kwa hofu, na sokoni vyote viwili vinapandisha bei sawasawa.

3

Aliyemwita Nyenza ni Gaudensia. Hakumwuliza mama yake. Alimwona fundi kanisani, akamwambia Jumanne alete mashine, na Jumanne asubuhi mashine ikaonekana inapanda kilima nyuma ya trekta.

Walikuwa wamebishana wiki nzima, mama na binti, wakimenya viazi na wakinywa chai. Sasa hata Mama Gaude alikuwa amekubali mti uanguke. Mvua haikumpa njia nyingine. Ubishi ulikuwa wa unene. Mama alitaka gogo lote lipasuliwe mbili kwa nne na mbili kwa sita, mbao za paa, basi. Gaudensia alitaka lipasuliwe jembamba. Baba yake alikufa lori la magogo lilipopinduka kwenye kona ya Nyololo, naye akiwa bado tumboni. Alikuwa na picha ya baba na koti la baba. Sauti hakuwa nayo. Watu walimwambia anacheka kama yeye, na hakuwa na njia ya kujua kama wanamsifu au wanampoza.

"Paa tutaazima hata turubai," alisema. "Baba nitamwazima kwa nani?"

Mama Gaude alisonga ugali kwa nguvu kuliko ugali ulivyohitaji.

Siku ile Nyenza alipofika, Gaudensia alikuwa ameteremka zahanati kupimwa. Mama Gaude alimpokea fundi kwa kamwene, salamu yetu ya heshima, akamkalisha, akampa chai ya maziwa na kiazi. Nyenza alikuwa rafiki wa Filoteo tangu utoto na humwita Mama Gaude shemeji. Alianza utani wake wa kawaida, kwamba amekuja kuposa maana mwanamke mwenye mti siku hizi ni mali. Mama Gaude hakucheka. Alikaa kwenye kigoda mbele yake, akajifuta mikono kwenye kitenge, mikono ambayo haikuwa na kitu.

Akamweleza. Filoteo alipozikwa, yeye mimba ilikuwa changa. Alipokea wageni, akapika, akashukuru. Halafu akaenda kwenye mpaina huu, wakati ule mwembamba kama kiuno cha mtu, na yale aliyoyasema hakumwambia padri wala dada yake.

"Nilisema simtaki, shemeji. Nilimwambia Filoteo arudi amchukue, aende naye alikokwenda."

Nyenza aliweka kikombe chini.

"Na Gaude anataka upasue nyembamba amsikie baba yake," Mama Gaude akaendelea. "Kumfikia baba yake lazima apite kwangu."

Ndivyo ilivyo, kwa maana gogo hupasuliwa kuanzia kwenye gome kwenda moyoni. Msumeno hukutana kwanza na miaka ya juzi, kisha ya nyuma yake, kisha ya zamani, na marehemu hukaa ndani, nyuma ya waliomlilia.

Nyenza alisimama. Akachukua bomba lake la kutobolea, jembamba kama penseli, akalizungusha kwenye shina usawa wa kifua, akavuta kijiti cha mti chenye mistari. Alikigeuza kwenye mwanga. Mwaka ule ulikuwa wa ukame, pete yake ilikuwa nyembamba na nyeusi kuliko nyingine, na aliipata mara moja. Akaiwekea ukucha.

Alimwambia inawezekana. Atapasua nyembamba mpaka karibu na hapo, kisha atashusha msumeno zaidi na kuruka, atoe mbao moja nene ya kenchi yenye msimu ule wote tumboni, halafu aendelee nyembamba upande wa Filoteo. Gaudensia atadhani ni kipimo tu cha paa.

"Na maneno?" Mama Gaude aliuliza.

"Yatakuwa darini. Mbao haisemi bila meno."

Mama Gaude alitazama juu, mahali ambapo dari lingekuwa. Mtoto angelala chini yake. Chai ikaota ngozi.

"Ruka," alisema.

4

Mpaina ulianguka taratibu, ukiegemea majani yake kama mzee anayejilaza. Gaudensia alikwisha kurudi kutoka zahanati, ameambiwa kila kitu kiko sawa na apunguze chumvi. Alileta kigoda karibu na bomba la bati, karibu mno, mpaka Nyenza akamsogeza nyuma kwa sababu ya unga wa mbao.

Banzi la kwanza lilitoka na gome lake. Lilisema upepo, kuku, na redio ya jirani. La pili likatoa kitoto cha kike kinachonong'ona haraka haraka, kikiuambia mti kwamba chungu kimevunjwa na paka.

"Hatukuwa na paka," Mama Gaude alisema.

Gaudensia alificha uso kwenye khanga, mabega yakicheka. Nyenza alitangaza kwamba kesi itafufuliwa. Mbao nyembamba zilizofuata zilitoa vipande vya nyumba ile, mtoto akihesabu mbili mbili na kuruka kumi na nne kila mara, mama akiita maji, mama akisifu kabeji zake mwenyewe. Kisha meno yakaingia ndani zaidi na ikaja sauti ya mwanamke mwenye umri mdogo, anaimba. Hakuwa anajua kuimba. Alikuwa na ubeti mmoja tu, wa kubembelezea, na kila ulipofika mwisho ulipotea njia na kuanzia mahali pengine. Katikati yake kulikuwa na kitu kinachogugumia na kupiga gome kwa kiganja.

"Ni mimi huyo?" Gaudensia aliuliza.

Mama yake aliitikia kwa kichwa. Alikuwa akija hapa na mtoto kila jioni, akamwambia, kwa sababu kivuli kilikuwa kizuri. Gaudensia alisikiliza mpaka msumeno ukatoka upande wa pili.

Nyenza aliutazama mwisho wa gogo. Pete nyeusi ilikuwa upana wa kidole tu kutoka kwenye uso uliopasuliwa. Akamtupia jicho Mama Gaude, akashika gurudumu la kupimia, akaanza kuushusha msumeno chini zaidi ya kipimo kile chembamba, chini sana, unene wa kenchi.

Gaudensia alikuwa amekaa mbele ya mashine tangu banzi la kwanza na hakuwa mjinga.

"Fundi, mbona unaruka?"

Nyenza alikumbuka ghafla kwamba mnyororo unahitaji grisi. Akainama kuutafuta, kwenye mashine isiyo na mnyororo.

Mama Gaude aliona njia mbili zimekaa wazi kabisa mbele yake. Angeweza kusema ni kwa ajili ya paa, na ingeaminika, na ingekuwa karibu na ukweli. Alimtazama binti yake, ambaye tangu arudi kutoka Makambako alijibu maswali yote juu ya mtoto kwa neno moja moja, kama mtu anayejibu ofisini. Majirani walipouliza jina alisema bado. Walipoleta nguo ndogo alishukuru na kuziweka chini ya kitanda zikiwa bado kwenye mfuko zilimoletwa. Mama Gaude aliyaona hayo na akayajua, kwa sababu aliwahi kushukuru hivyo hivyo.

"Shemeji," alisema, "pitisha hapo hapo."

Nyenza alimwangalia.

"Hapo hapo kwenye ile nyeusi. Na wewe Gaude usiinuke mpaka imalizike."

Msumeno ukapanda, ukaingia. Mwanzo kulikuwa na pumzi tu, za mtu aliyebana mdomo kwenye gome. Kisha sauti ikatoka kwenye bati, ya chini, kavu, ya mwanamke yule yule aliyekuwa anaimba.

"Filoteo. Umekwenda umeniachia mzigo tumboni. Simtaki. Unanisikia? Simtaki mtoto huyu. Njoo umchukue."

Halafu pumzi tena. Halafu simtaki, kwa sauti ndogo zaidi, mpaka meno yakatoka upande wa pili na unga ukamiminika chini ya mashine, mweupe, ukanyamaza.

Nyenza alizima umeme. Kuku mmoja alikuja akachakura kwenye unga ule, na hakuna aliyemfukuza.

Mama Gaude alikuwa amesimama wima, mikono kwenye kitenge, anasubiri. Alikuwa amejiandaa kwa kilio na kwa matusi. Alikuwa amejiandaa hata binti yake afunge mzigo arudi Makambako siku ile ile.

"Kumbe na wewe, Mama," Gaudensia alisema.

Lilikuwa neno la mtu aliyetua ndoo. Mama Gaude alisogea, akakaa kwenye unga pembeni ya kigoda, akiwa chini ya mwanawe kama mtoto anayesukwa nywele. Gaudensia alimwuliza kitu kimoja tu, na hakikuhusu siku zile.

"Hali hii inaisha lini?"

"Siijui siku yenyewe." Mama Gaude aliokota unga wa mti kwenye kiganja, akaupuliza. "Nilikuja hapa kumgombeza baba yako kama kawaida, wewe uko mgongoni. Nikajikuta naimba. Nilishangaa mwenyewe, maana sijui kuimba."

"Hujui kweli," Gaudensia alisema.

"Nimekwambia."

"Ni vibaya sana, Mama."

Nyenza, ambaye kwa miaka mingi amepasua siri za watu na kujifanya anatazama kipimo, safari hii alishindwa kujifanya. Alikwenda nyuma ya mashine akapenga kamasi kwa kelele kama za trekta. Wengi wetu tulidhani baadaye kwamba kama gogo lingepasuliwa kwa kuanzia moyoni, mambo yangekuwa mengine. Lakini gogo halipasuliwi hivyo. Gaudensia aliusikia wimbo kwanza, na kukataliwa baadaye, na pengine ndiyo maana aliweza kuuliza alilouliza.

Fundi aliporudi aliwasha umeme, akashika gurudumu, akauliza kwa adabu kama wateja wake wako tayari. Kuanzia hapa, alisema, ni Filoteo. Miaka yake yote iko humu, mpaka moyoni. Gaude akitaka nyembamba apewe nyembamba. Mti ni wa kwao. Ila ajue kwamba kwa nyembamba paa halitafika nusu.

Gaudensia alitazama gogo. Alilitazama kwa muda wa kutosha mtu kusali. Baba yake alikuwa mle, amejikunja pete kwa pete, na yeye alikuwa ametamani kumsikia tangu alipojua kutamani. Wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye mparachichi na hewa ilikuwa baridi yenye maji.

"Nene, Fundi," alisema. "Huyu mtoto atalowa."

Mama yake alifungua mdomo kumwambia wanaweza kupasua hata mbili tatu nyembamba, haidhuru. Gaudensia alikuwa amekwisha kutikisa kichwa.

Nyenza alishusha msumeno, mbili kwa sita. Meno yakaingia mara moja kwa miaka yote ile minene, na kwa kuwa meno hayawezi kupita bila kusoma chochote, bati likatoa kipande kimoja, sauti ya mwanamume kijana, nzito, imejaa uchungu wa mtu aliyeonewa.

"Wewe, hilo ni shati langu. Toa. Toa nakwambia. Eusebia, mwambie mbuzi wako aache shati langu."

Na kicheko cha mwanamke mahali pa mbali, na cha mwanamume mwenyewe, kimeanza kabla hajamaliza kulalamika. Kisha mbao ikaanguka, nzito, nyekundu moyoni, yenye harufu.

Gaudensia alicheka. Alikisikia kicheko chake kikitoka, akakisimamisha katikati, macho yakamtoka, akamgeukia mama yake.

"Ndiyo," Mama Gaude alisema. "Ndicho hicho."

Binti akakimalizia. Halafu akainuka, akaikamata ncha ya ile mbao ili aipeleke ukutani, na Mama Gaude akamfokea kwa sauti iliyofika kwa jirani kwamba aiweke chini, mtu mwenye tumbo kama lile habebi mbao, ana wazimu gani. Gaudensia aliiweka chini, akarudi kwenye kigoda, akakaa.